Haujafungwa, Umewekwa

Kama una kalamu iweke karibu, maana mbele kidogo kuna mambo ningependa uyaandike. Kama uko kwenye usukani, wewe sikiliza tu, utaandika ukifika salama.

Leo naanzia Uyole, Mbeya. Anayepita pale njia panda ya kwenda Tukuyu anawajua vijana wanaofunga mizigo. Fuso limejaa viazi vya Isyonje, magunia ya lumbesa yamepandana hadi yamezidi bodi. Kijana mmoja yuko juu, anatupa kamba upande wa pili. Mwenzake anaipokea, anaweka mguu kwenye tairi na kuivuta kwa uzito wake wote. Wakimaliza hawaondoki. Yule wa chini anazunguka gari akiipiga kamba kwa kiganja. Ikilia kama ngoma, anasogea kwenye nyingine. Ikilegea, inafunguliwa na kufungwa upya. Hakuna anayewasimamia. Wanajua tu kwamba mbele kuna milima na kona, na kwamba mzigo uliolegea hautafika.

Siku moja nilikuwa nimesimama hapo nikinunua maparachichi. Nyuma ya Fuso kama hilo likaja gari dogo. Baba kwenye usukani, kafunga mkanda. Mama pembeni yake, kafunga mkanda. Katikati yao, kwenye uwazi wa viti viwili vya mbele, amesimama mtoto wa miaka miwili hivi, kavaa kofia ya sufu, mkono mmoja kwenye bega la baba, mwingine kwenye bega la mama, anacheka. Gari likaingia barabara kuu na kuelekea Igawa. Nikabaki nalitazama lile Fuso. Viazi vimefungwa. Mtoto hajafungwa.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya kiti cha mtoto cha gari: namna ya kukichagua, na namna ya kukifunga kikafungika.

Ningekuwa mnafiki kama ningemsema yule baba nikaficha yangu. Mtoto wetu wa pili alipozaliwa nilinunua kiti, nikakiweka nyuma ya gari letu, nikapitisha mkanda mahali nilipoona unapita, nikasikia ule mlio wa kifungio, nikaridhika. Miezi mitatu nilitembea na amani hiyo. Halafu tukasafiri kutoka Mbeya kwenda Iringa, kilometa zaidi ya 300, kumsalimia kaka yangu pale Kihesa. Kaka ni dereva wa lori. Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma anaijua kama uani kwake.

Tulipofika, baba mkubwa huyo akafungua mlango wa nyuma ampokee mwanawe. Akamtoa mtoto, akampa mama yake. Kisha akarudi. Akaweka mkono kwenye kile kiti na kukitikisa. Kikateleza kulia, kikateleza kushoto, upana wa kiganja kizima. Akakivuta mbele, kikainama mpaka kikagusa mgongo wa kiti cha dereva. Akanitazama bila hasira, akasema: "Mdogo wangu, mzigo huu haujafungwa. Umewekwa."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimepita Chimala, nimepita Makambako, nimefuatana na malori kwenye ukungu wa Mafinga, nikiamini mwanangu yuko salama kwa sababu tu kuna kiti chini yake. Kumbe mkanda nilikuwa nimeupitisha kwenye tundu lisilo lake. Tangu siku hiyo maneno ya kaka hayajanitoka, na ndiyo nimekuja kuwapa leo. Kuna kuweka na kuna kufunga.

Wapo watakaoniuliza: kwani mikono ya mama haitoshi? Mama gani atamwachia mwanawe? Hapana hata mmoja. Upendo wa mama siushuku hata chembe. Ninachokishuku ni nguvu ya misuli, ya mama, ya baba, hata ya mbeba magunia wa sokoni.

Gari likiwa kwenye kasi ya kilometa 50 kwa saa, ile tunayotakiwa kwenda nayo tukipita mijini, kisha likagonga kitu na kusimama, kishindo chake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Hilo ni kama paa la jengo la ghorofa tatu. Gari limesimama, lakini waliomo ndani hawajasimama. Miili yao inaendelea mbele kwa kasi ileile mpaka ikutane na kitu cha kuizuia. Kwa muda huo, ambao ni mfupi kama kufumba na kufumbua, mtoto wa kilo 10 huvuta mbele kwa nguvu ya kilo 200 na zaidi. Magunia mawili ya mahindi, ya kilo mia mia, yakutoke mikononi ghafla, tena bila kujua yanakuja. Hakuna mikono ya kuyashika. Na mama ambaye hajafunga mkanda, akiwa amempakata mwanawe, uzito wake mwenyewe humbana mtoto kwenye kiti cha mbele au kwenye dashibodi. Hata kuzungusha mkanda mmoja kwa wawili, mama na mtoto, ni hatari hiyohiyo, kwa sababu mtoto anakuwa katikati ya mwili wa mama na mkanda.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Linasema pia kwamba kiti kinachofaa, kikitumika sawasawa, kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali za magari kwa asilimia 71. Yaani kati ya wachanga kumi ambao wangekufa, saba wangerudi nyumbani.

Sasa tazameni jambo moja linaloniumiza. Magari mengi tunayoendesha huku kwetu, hizi IST, Passo, Vitz, Raum na Noah, yametoka Japani yakiwa yametumika. Japani sheria inalazimisha kiti kwa kila mtoto wa chini ya miaka 6 tangu Aprili mwaka 2000. Kwa hiyo gari lako hilo, kabla halijapakiwa melini, huenda lilikuwa na kiti cha mtoto nyuma, na mtoto ndani yake kafungwa vizuri. Likavuka bahari, likashushwa Dar es Salaam, likapanda Kitonga, likafika Mwanjelwa. Gari ni lilelile, breki ni zilezile, mtoto wetu ni mtoto kama wao. Kiti ndicho kilichobaki ng'ambo.

Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, na ilipotungwa haikusema neno juu ya kiti cha mtoto. Asasi za kiraia, wakiwamo wanawake wanasheria wa TAWLA, wamekuwa wakidai kwa miaka mingi sheria hiyo irekebishwe. Nawaunga mkono kwa moyo wote, na nawaomba wabunge wetu wa Nyanda za Juu Kusini, ambao barabara hii wanaipita kila wanapokwenda Dodoma, walibebe jambo hili kama lao. Lakini mzazi asisubiri trafiki amsimamishe ndipo amfunge mwanawe. Kamba za viazi pale Uyole hazikazwi kwa kuogopa trafiki.

Haya, chukua kalamu. Tuanze na kuchagua.

Kabla ya kwenda dukani, chukua kadi ya kliniki ya mtoto. Kadi hiyo ina uzito wake wa kila mwezi. Kisha chukua futikamba ya fundi cherehani, mlaze au msimamishe mtoto, umpime urefu toka utosini hadi kisiginoni. Uzito na urefu ndivyo vinavyochagua kiti. Umri hudanganya: mtoto wa mwaka mmoja wa jirani anaweza kumzidi wako kilo tatu. Malori hupimwa kwenye mizani ya Makambako na ya Wenda ili kila gari libebe mzigo linaouweza. Na kiti cha mtoto kina mizani yake.

Kiti cha kwanza ni cha kutazama nyuma. Mtoto anaupa mgongo uelekeo wa gari, uso wake unatazama nyuma. Wengi wetu tunaona kama adhabu, kwamba mtoto haoni barabara. Sababu yake iko shingoni. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na mifupa ya shingo yake bado ni laini. Mkumbuke bibi anavyotufundisha kumpokea mtoto: mkono mmoja kwanza nyuma ya shingo. Kiti cha kutazama nyuma ni mkono huo wa bibi. Gari likisimama ghafla, kichwa, shingo na mgongo vyote vinaegemea kwenye kiti kwa pamoja, na nguvu inatawanyika. Akitazama mbele, mabega yanazuiwa na mkanda lakini kichwa kinarushwa, na shingo ndiyo inayolipa. Daktari mmoja wa Uswidi, Bertil Aldman, alilifikiria hili miaka ya 1960 alipoona wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali kwenye chombo chao ili mgongo mzima upokee kishindo. Waswidi mpaka leo huwaacha watoto wao wakitazama nyuma hadi miaka minne. Kanuni mpya ya Umoja wa Mataifa, namba 129, inasema asigeuzwe kabla ya miezi 15. Mimi nasema mwache atazame nyuma kadiri kiti chake kinavyoruhusu. Miguu ikikunjwa si tatizo. Mguu uliokunjwa hauumi, na hata ukivunjika hospitali wanaweza kuuunga.

Kiti cha pili ni cha kutazama mbele chenye mikanda yake mitano: miwili mabegani, miwili nyongani, mmoja kati ya miguu. Kwenye vibandiko vya kanuni ya zamani, namba 44, utaona kiti cha wachanga kimeandikwa hadi kilo 13, na hiki cha pili kilo 9 hadi 18. Msimkimbize mtoto kwa kuwa tu amefika kilo 9. Hiyo ni namba ya kuanzia, haikuwekwa ili mashindano yaanze.

Cha tatu ni kile kinachomwinua mtoto ili mkanda wa gari umkae vizuri, wengine hukiita busta. Mkanda wa gari umetengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Ukimfunga nao mtoto wa miaka mitano bila kumwinua, wa juu utampita shingoni na wa chini utampanda tumboni, kwenye ini na utumbo. Akiinuliwa, wa juu unapita katikati ya bega na wa chini unalala chini kabisa, juu ya mapaja. Atakitumia hadi afike kimo cha sentimeta 135, na bora zaidi 150. Wengi hufika huko wakiwa darasa la tano au la sita. Najua mtasema tunawadekeza. Mkalishe wako leo kwenye gari, umfunge mkanda, uangalie unapita wapi. Utapata jibu hapo hapo.

Sasa mtumba. Wengi wetu tutanunua mtumba, na sioni aibu yoyote hapo. Maduka ya vitu vya watoto vilivyotumika yapo Mbeya mjini na yapo Iringa mjini, na viti vingine ni vizuri sana. Ila kiti cha mtumba hakinunuliwi kwa rangi wala kwa kitambaa. Kigeuze juu chini. Kwanza, tafuta kibandiko cha rangi ya machungwa chenye herufi E ndani ya mduara. Pembeni ya E kuna namba ya nchi iliyokiidhinisha: 43 ni Japani, 11 ni Uingereza, 1 ni Ujerumani. Tafuta pia maandishi 44/04 au R129. Kisicho na kibandiko cha aina yoyote, kirudishe kwa muuzaji kwa heshima na uende zako. Pili, tafuta kwenye plastiki mduara mdogo wenye mshale, mfano wa saa ya ukutani. Mshale unaonyesha mwezi, tarakimu za katikati zinaonyesha mwaka. Watengenezaji wengi hukipa kiti miaka 6 hadi 10, kwa sababu plastiki huchoka kwa jua na baridi. Tatu, vua kitambaa. Tazama kama plastiki ina ufa na kama lile povu jeupe limevunjika. Vuta mikanda yote uone kama imechanika au kuanza kutoa nyuzi. Funga na kufungua kifungio mara tano. Nne, uliza kama kiliwahi kuwa kwenye ajali. Kiti kilichopata ajali hakitumiki tena, hata kama macho hayaoni kitu. Muuzaji akisitasita kwenye swali hilo, kiache.

Na bei? Tumenunua rimu, tumenunua spika, tumevalisha viti vya gari kava mpya. Hapo nanyamaza, kila mmoja aongee na moyo wake.

Tumepata kiti. Tunakifunga wapi? Kiti cha nyuma cha gari. Kiti cha kutazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa, ule mafundi wanaouita eabegi. Shusha kizuia jua cha upande wa abiria, mara nyingi utakuta picha ya mtoto iliyopigwa mstari mwekundu. Mfuko ule unafumuka kwa kishindo, na mbele yake ndipo kilipo kichwa cha mtoto wako. Kule nyuma, upande wa kushoto ni mzuri, kwa kuwa utamshusha ukingoni mwa barabara badala ya upande malori yanakopita. Katikati ni salama pia, ila magari mengi yana mkanda wa kiunoni tu hapo, na viti vingi vinadai mkanda wa pointi tatu.

Kisha ingiza vidole kwenye mwanya kati ya kikalio na mgongo wa kiti cha nyuma. Ukigusa vyuma viwili vyembamba, vimeachana kama sentimeta 28, gari lako lina mfumo wa ISOFIX. Kama na kiti chako kina mikono ya ISOFIX, sukuma mpaka usikie mlio mara mbili na uone alama ya kijani. Magari mengi ya zamani hayana, na usisononeke. Mkanda wa gari ukipitishwa sawasawa unafunga vizuri kabisa.

Kupitishwa sawasawa ndiko kulikonishinda mimi. Sikilizeni vizuri. Kwenye kiti kuna alama za rangi zinazoonyesha njia ya mkanda. Bluu ni njia ya kiti kinachotazama nyuma, nyekundu ni ya kinachotazama mbele. Mimi kiti changu kilitazama nyuma, mkanda wangu ulipita kwenye nyekundu. Fuata rangi. Kisha fanya alivyofanya kaka. Alipanda kwenye gari, akaweka goti ndani ya kiti, akalaza uzito wake wote, huku mkono mmoja ukivuta mkanda kidogo kidogo mpaka ukagoma. Magari mengi ya Kijapani, ukivuta mkanda wote wa abiria mpaka mwisho kisha ukauachia urudi, utasikia ukikwaruza ukiingia, na hautatoka tena mpaka urudi wote. Hapo umejifunga. Usiweke mto wala blanketi chini ya kiti ili kulinda kava zako. Vitu laini hubonyea, na mkanda uliokazwa leo utakuwa umelegea kesho. Kiti cha kutazama mbele kikiwa na kamba ya juu yenye ndoano, nayo ifungwe kwenye chuma chake nyuma ya kiti cha gari.

Umemaliza? Shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise kulia na kushoto. Kisisogee zaidi ya upana wa kidole gumba. Kikisogea, fungua, anza upya. Kile cha mtoto mchanga kilale kiasi cha kutosha ili kidevu chake kisiangukie kifuani, maana mtoto mdogo anaweza kukosa pumzi kimya kimya.

Sasa mtoto mwenyewe, na hapa nazungumza na sisi watu wa baridi. Wenzetu wa pwani hawana shida hii. Mwezi wa sita na wa saba, alfajiri ya Makambako au Mafinga, mama anamvalisha mtoto fulana, sweta, juu yake jaketi nene la mtumba lililojaa pamba. Anamkalisha, anafunga mikanda, inaonekana imekaza. Lakini mkanda umelibana jaketi, mtoto bado hajabanwa. Kwenye kishindo lile jaketi linasinyaa, na kati ya mkanda na kifua kunabaki nafasi ya mtoto kuchomoka. Jaribu leo nyumbani. Mfunge akiwa na jaketi, kisha bila kubadili urefu wa mikanda mvue jaketi, umrudishe na kumfunga tena. Utaona mkanda unavyoning'inia. Mimi nilipojaribu, niliweza kupitisha ngumi.

Dawa yake iko kabatini. Mvue jaketi, mfunge akiwa na sweta jepesi, kaza mikanda mpaka ukijaribu kuikunja kwa vidole pale begani isikunjike, halafu mfunike juu kwa blanketi au kitenge, umchomekee pembeni. Atapata joto na atakuwa amefungwa. Kwa anayetazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Kwa anayetazama mbele, itokee usawa wa mabega au juu kidogo.

Kina mama mnaelewa haraka kuliko sisi wanaume, kwa sababu mnaijua mbeleko. Hakuna mama anayefunga mbeleko ikalegea. Unainama, mtoto anapanda mgongoni, unavuta, unakaza, unajitingisha kidogo uone kama amekaa, ndipo unainuka. Kiti ni mbeleko ya gari. Ujuzi mnao tayari. Wazee wengi huona si vema kununua mbeleko kabla mtoto hajazaliwa, nami naiheshimu mila hiyo. Lakini mbeleko hii ya gari naomba tuivunjie mwiko. Siku mnamtoa mtoto hospitali ya Meta kwenda nyumbani, iwe imeshafungwa garini. Safari yake ya kwanza duniani haina sababu ya kuwa ya kubahatisha.

Atalia, najua. Bibi atasema, "Mtoeni huyo, mnamtesa mjukuu wangu." Mjibuni kwa upole: "Bibi, tutasimama mbele hapo, tumtoe, umpakate." Na msimame kweli. Kwa mtoto mchanga msipitishe saa mbili bila kumtoa akajinyoosha. Mbeya hadi Iringa, Makambako ni kama nusu ya njia, simameni pale, anyonye, abadilishwe nepi, muendelee. Kinachokatazwa ni kumtoa gari likiwa linatembea. Wazee watasema pia kwamba sisi sote tulikua bila viti hivi. Ni kweli, shikamooni wazee wangu. Lakini waliokua ndio wanaozungumza. Walioondoka hawana wa kuwasemea, na wakati ule barabara hii haikuwa na malori ya leo.

Najua pia wengi mnaonisikiliza hamna gari. Mnapanda basi, mnapanda Costa, mnapanda Noah. Nanyi lipo la kufanya. Kwenye basi la masafa marefu, mtoto anayeweza kukaa mwenyewe mkatie kiti chake, umfunge mkanda. Kwenye Costa, msikubali mtoto akalishwe juu ya boneti pembeni ya dereva kwa sababu kuna joto na anaona mbele. Pale hakuna kinachomtenga na kioo. Na makondakta wetu, mkimpisha mama mwenye mtoto kiti cha nyuma ya dereva, mtakuwa mmefanya jambo kubwa.

Nimesema mengi. Ukiyasahau yote, shika moja. Kabla hujawasha gari, fungua mlango wa nyuma, weka mkono kwenye kiti, ukitikise. Vuta mkanda wa begani wa mtoto. Sekunde kumi zinatosha, nawe utakuwa umefanya kile kijana wa Uyole anachofanya kwa kiganja chake kila siku, kwa ajili ya viazi vya mtu asiyemjua.

Kaka yangu hajaacha. Kila tunapofika Kihesa, kabla ya shikamoo, kabla ya kushusha mizigo, anakwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma. Mwanangu amemzoea, anamngojea akicheka. Baba mkubwa anashika kiti na kukitikisa kwa nguvu. Kikigoma, anaitikia kwa kichwa taratibu, ndipo ananigeukia na kuuliza habari za safari.